Kanisa la Mt. Paulo Majengo (Mtwara): naweza kuwaingiza wanafunzi? Na kweli ni la Wajerumani?

Mwl_Chikongola

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia sekondari hapa Mtwara mjini. Tupo kwenye mada ya ukoloni na watoto wamechoka kuandikiwa Mkutano wa Berlin ubaoni, hata mimi nimechoka kuuandika. Nimeomba kibali nitoke nao Jumamosi moja, Kidato cha Tatu, tukatembee.

Nilivyopanga ni hivi. Asubuhi tunaanzia Mikindani: boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli, lile jengo la soko la watumwa, na nyumba yenye kibao cha Livingstone, maana mwaka 1866 ndiko alikoanzia safari yake ya mwisho. Mikindani haina shida, napajua, nina shangazi pale. Baada ya hapo tunapanda daladala kurudi mjini, tunashuka na kutembea kwa miguu mpaka Majengo kwenye kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipa hilo wazo. Anasema ndani kuna michoro ukuta mzima na kwamba ni "kanisa la Wajerumani". Mimi nimepita nje mara nyingi nikienda sokoni, sijawahi kuingia.

Sasa, mimi ni Muislamu na zaidi ya nusu ya darasa ni Waislamu. Mzazi mmoja ameshaniuliza kwenye kundi la WhatsApp, "Mwalimu, mnakwenda kusoma au kusalishwa?" Nimemjibu kwa adabu, ila nataka niende nikiwa na majibu kamili. Wasichana wenye hijabu wataingia hivyo hivyo? Viatu? Kuna kiingilio? Na hilo la Wajerumani ni kweli, au ndiyo yale yetu ya kuita kila jengo lenye ukuta mnene la Mjerumani?

Naomba kuwasilisha.

---

Dogo_Rahaleo

Mwalimu kiingilio hamna, ni kanisa sio uwanja wa Nangwanda 😂 Peleka watoto, wataipenda. Ila wakifika Majengo watataka chipsi, jiandae.

---

FundiRangi_Majengo

Mwalimu shikamoo. Hapa umenifikisha nyumbani. Nimebatizwa humo, nimefundishwa komunio humo, na kazi yangu ni kupaka rangi, kwa hiyo nikiwa kwenye benchi mahubiri yanaingia sikio moja, macho yapo ukutani. Paroko anisamehe.

Nianze na hilo la Wajerumani kwa sababu mwenzako amechanganya mambo mawili. Mchoraji ni Mjerumani, ndiyo. Anaitwa Padri Polycarp Uehlein, Mbenedikto, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto. Lakini kanisa haliwezi kuwa la enzi ya Mjerumani kwa sababu mji wenyewe wa Mtwara si wa Mjerumani. Mjerumani aliketi Mikindani na Lindi. Huku tulipo palikuwa vijiji vya wavuvi na mashamba mpaka Mwingereza alipokuja na ule mradi wake wa karanga mwaka 1947, akataka bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951, bandari ikakamilika 1954 karanga zikiwa zimeshakuwa hadithi, reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu yangu mzaa mama alishuka kutoka Newala kufuata kibarua cha bandarini. Majengo yetu haya ni ya watu wa namna hiyo. Kwa hiyo watoto wakikuuliza "Mjerumani alijenga?", waambie Mjerumani alifukuzwa nchi hii kwenye Vita vya Kwanza, na mji huu ulikuja kukua miaka thelathini baadaye. Hesabu wafanye wenyewe.

Sasa michoro.

Ukuta wote wa mbele, nyuma ya altare, na kuta za pembeni zimejaa visa vya Biblia. Nikisema zimejaa sitii chumvi: hakuna pale mahali pa kupumzishia jicho. Rangi ni za kukolea, yule padri hakuwa mtu wa kuogopa rangi. Mimi wateja wangu wote wanataka krimu na nyeupe ya maziwa, na mmoja ambaye simtaji alinirudisha mara tatu kwa sababu krimu imekuwa "krimu sana". Halafu Jumapili nakwenda kukaa mbele ya ukuta ule! Inasemekana kazi ilimchukua kama miaka miwili. Watu wanashangaa kuwa ni mingi. Mimi nashangaa ni michache.

Nikueleze kwa nini, na uwaambie wanafunzi, maana hii nayo ni historia. Mtwara ni mji wa pwani. Chumvi inapanda na unyevu ndani ya plasta, unapaka leo, masika yakipita rangi inaanza kuvimba malengelenge na kujivua. Kwenye nyumba ya mtu hiyo si shida, unakwangua kwa msasa, unapiga puti, unarudia. Kwenye sura ya mtume utarudiaje? Kila kipande kikiharibika kinataka mkono ule ule uliokichora. Halafu kuna suala la ukubwa. Kichwa cha mtu unachokichora ukiwa juu ya jukwaa la mirunda, pua yako ikiwa inakaribia kugusa ukuta, lazima kimwelee bibi aliyekaa benchi la mwisho mwenye mtoto wa jicho. Ukiwa pale juu huoni uso, unaona bonge la rangi. Unachora, unashuka, unatembea mpaka mlangoni, unatazama, unarudi, unapanda. Hapo magoti ndiyo yanayochora.

Kwa hiyo ushauri wangu: watoto wakiingia usiwaache wakimbilie mbele. Wasimamishe mlangoni kwanza, nyuma kabisa, wakae kimya kidogo. Kila mmoja achague kisa kimoja anachokitambua bila kuambiwa na mtu. Utashangaa, Waislamu watatambua vingi tu, manabii ni wale wale. Ndipo wasogee taratibu mpaka mabenchi ya mbele, waone jinsi sura inavyovunjika na kuwa mikwaruzo ya brashi. Baadaye warudi tena nyuma. Mtu akifanya hivyo mara moja hasahau.

Na michoro hii ina ndugu zake. Padri huyo huyo kachora Nyangao, Lindi, Malolo, Ngapa, mpaka Dar es Salaam. Mimi nimeona ya Lindi na ya Nyangao. Nina maoni yangu ni ipi bora lakini nikiyaandika hapa watu wa Lindi watanitafuta.

---

Mwl_Chikongola

Marhaba fundi. Hilo la kuwasimamisha mlangoni nimeshaliandika kwenye andalio la somo, sikuachii.

Ila umeniharibia kidogo. Mada ni ukoloni. Kama kanisa lenyewe lina uhusiano na karanga za Mwingereza zaidi kuliko na Mjerumani, naliungaje na Mikindani kwa siku hiyo hiyo? Sitaki iwe matembezi ya kuona vitu vizuri tu.

---

Mzee_wa_Mtama

Mwalimu, si lazima uunganishe kwa jengo. Waunganishe kwa njia waliyopita hao mapadri mpaka mmoja wao akafika Majengo kuchora. Mimi ni mtu wa Mtama, Nyangao ni jirani yangu, habari hizi tumekua nazo.

Wabenedikto walitoka Mtakatifu Ottilien, Bavaria. Walifika upande wa Dar es Salaam mwaka 1888 wakaanzia Pugu, na Januari ya mwaka uliofuata wapiganaji wa Abushiri wakaivamia misheni ile. Baadaye wakashuka huku kusini. Lukuledi wakafungua mwaka 1895, mwaka uleule wa boma lako la Mikindani. Hapo pekee una swali la mtihani: boma na misheni vimefuatana kwa nini? Kisha Nyangao, kwenye barabara hii hii ya kwenda Masasi.

Mwaka 1905 vikaja Vita vya Maji Maji. Sababu unazifundisha, sina haja ya kurudia: pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss aliuawa huko Mikukuyumbu, njia ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Haikupita wiki mbili vita vikafika kwetu. Lukuledi ikachomwa, Nyangao ikachomwa, wamisionari wakakimbilia Lindi kwa miguu usiku. Sista mmoja, Walburga, hakufika. Leo pale Nyangao kuna hospitali ya Mtakatifu Walburga, wanafunzi wako wengi bila shaka wana ndugu waliozaliwa pale. Mwaka 1906 Wabenedikto wakafungua Ndanda, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa abasia, yaani makao makuu ya watawa, na kushika shughuli nyingi za kanisa huku kusini: hospitali, shule, kiwanda cha uchapaji, karakana za useremala. Padri wa michoro alitoka kwenye mti huo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule vinaliruka. Oktoba 1917, hapo hapo Nyangao na Mahiwa, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, alipigana na jeshi la Mwingereza kwa siku kadhaa. Lilikuwa moja ya mapigano makali kuliko yote katika vita vile upande wetu wa Afrika. Wazungu wawili wanagombania nchi ya watu, na waliokufa wengi ni Waafrika: askari wa Mjerumani kwa huku, KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) na brigedi ya Nigeria kwa kule. Mwezi uliofuata Mjerumani akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Yaani kijiji kimoja, ndani ya miaka kumi na miwili, kimeona misheni ikichomwa na wananchi waliochoshwa na Mjerumani, kisha kikaona Wanigeria wakizikwa kwenye mchanga wake. Kama una bajeti ya basi, achana na fukwe za Shangani, uwalete Nyangao.

---

Mwera_Asilia

Samahanini wazee, lakini mimi sielewi. Watu wanakumbuka askofu na masista kwa majina na tarehe. Waliokufa upande wetu majina yao yako wapi? Mnawapeleka watoto kusifia michoro ya Mjerumani, wakati babu zao walipigwa risasi na Mjerumani. Wapelekeni Nandete, Matumbi, vita vilikoanzia. Kanisani wataona nini cha historia?

---

Mzee_wa_Mtama

Kijana, swali lako ni zuri na mimi nimeliuliza kabla hujazaliwa. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa kwenye Maji Maji. Wanahistoria wengine wanafika mpaka laki mbili na nusu au laki tatu, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa baada ya vyakula na mashamba kuchomwa kwa makusudi. Majina yao hayakuandikwa kwa sababu aliyekuwa na kalamu alikuwa upande ule mwingine. Sasa hilo utamfundishia wapi mtoto? Mlete Nyangao, mwoneshe jina la Walburga kwenye kibao cha hospitali, halafu mwulize swali lako hilo hilo ulilotuuliza sisi. Atalielewa akiwa amesimama pale kuliko akiwa darasani.

Nandete nako waende, sipingi. Ila kutoka Mtwara ni safari ya kulala njiani, na mwalimu amesema Jumamosi moja.

---

FundiRangi_Majengo

Mwera, nakuunga mkono nusu. Bibi yangu upande wa baba alikuwa Mmakua wa Lukuledi na alikuwa anasimulia njaa, si vita. Mizizi ya mwituni, jinsi ya kuichemsha na kumwaga maji yale ya kwanza yenye sumu. Masista hakuwasimulia kwa ubaya wala kwa uzuri, alikuwa akifika kwao anasema tu "walikuwepo".

Pamoja na hayo, ukuta ule wa Majengo sisi ndio tunaoutazama kila wiki, ndiyo wetu. Aliyebeba mirunda na kuchanganya plasta hakutoka Bavaria. Mjerumani alishika brashi, kuta tulizisimamisha sisi, na paa likivuja tunachangishwa sisi kwenye jumuiya, naona mwaka huu tena wameanza.

---

Mama_Jumuiya

Mwalimu karibu sana, na wanaume hawa wamekupa historia ndefu bila kukujibu ulichouliza. Nikusaidie mambo ya mlangoni.

Hijabu hakuna tatizo lolote, masista wetu wenyewe wanajifunika. Wavulana kofia ndiyo wavue, hata baraghashia, ndiyo desturi ya kanisani. Kama kuna mtoto asiyependa kuivua, abaki na mwalimu mwingine barazani bila kelele, hakuna atakayemsema. Viatu hamvui. Nasema hivyo kwa sababu tuliwahi kupata wageni wa madrasa, watoto wenye adabu kweli, wakavua ndala zote zikajaa mlangoni, mlinzi akadhani kuna msiba.

Pale mlangoni kuna maji ya baraka. Si ya kutawadha wala kunawa uso, na jua la saa sita mtoto atashawishika. Sisi tunachovya kidole na kufanya ishara ya msalaba. Wageni mnapita tu. Mkiona Mkatoliki anapiga goti kabla ya kuingia kwenye benchi, ni kwa ajili ya tabenakulo, kile kikabati kinamohifadhiwa ekaristi, pale penye taa ndogo inayowaka muda wote. Ninyi hamlazimiki, ila msipite mbele yake mkipiga soga. Ngazi za altare msipande, hata kama mchoro mzuri uko juu yake. Picha ombeni ruhusa kwanza. Mkiambiwa ndiyo, basi bila mwanga wa flashi, na bila kumpiga mtu anayesali.

Vile vipicha vidogo vidogo kuzunguka kuta kwenye makanisa yetu ni Njia ya Msalaba, yaani mateso ya Yesu katika vituo kumi na vinne, wasivichanganye na michoro ya Padri Polycarp. Na mkija wiki za mwisho za Kwaresima mnaweza kukuta msalaba na sanamu zimefunikwa vitambaa vya zambarau. Hazijaharibika wala haziko kwenye matengenezo, ndiyo kipindi chenyewe.

Sasa tatizo lako kubwa ni siku uliyochagua. Jumamosi ni harusi! Asubuhi misa ya ndoa, mchana nyingine, jioni kwaya wanafanya mazoezi na kinanda kinapigwa mpaka ukuta unatetemeka. Usije na gari mbili za watoto wa watu ukakuta bibi harusi anashuka kwenye gari. Peleka barua ofisi ya parokia siku ya kazi, yenye mhuri wa shule na saini ya mkuu, uandike idadi na saa mnayofika. Watakuambia Jumamosi ipi ina nafasi, na huenda katekista akawapokea. Sanduku la sadaka lipo, si lazima, ila mkiacha chochote paa la huyo fundi litashukuru.

Kwa yule mzazi, mwambie aje naye. Sisemi kwa kejeli, watoto wengi hivyo unahitaji mtu mzima wa ziada barabarani, bodaboda za Majengo unazijua.

---

Mwl_Chikongola

Jamani ahsanteni, nimepata kuliko nilichoomba. Mama Jumuiya, mzazi nimeshampigia na amekubali kuja, ila kasema atakaa karibu na mlango. Nikamwambia ndipo fundi anapotaka tusimame wote.

Nimebadilisha mpango. Jumamosi ya kwanza Mikindani na Majengo kama ilivyokuwa, nikiwapa swali la Mzee la boma na misheni kama kazi ya njiani. Nyangao naiombea bajeti muhula ujao. Mkuu wa shule kashaniuliza mafuta ya basi kwenda na kurudi ni shilingi ngapi, maana yake hajakataa. Mwera_Asilia, nikipata hiyo safari nitaomba uje uongee na watoto kule, kama uko karibu.

Fundi, swali la mwisho: saa ngapi mwanga unakuwa mzuri ndani?

---

Mwera_Asilia

Niko Nachingwea Mwalimu. Nitakuja. Ila nitaongea nilichokisema hapa, sitapunguza.

---

FundiRangi_Majengo

Kwangu mimi asubuhi kabla jua halijawa kali, kama saa tatu hivi. Baada ya hapo nje kunakuwa na mwanga mkali, ukiingia ndani macho yanakataa na inabidi usubiri. Kwa hiyo geuza ratiba: Majengo kwanza, Mikindani baadaye, na kule mtapata upepo wa bahari mchana na watoto watakula samaki kwa shangazi yako.

Halafu barua ukiipeleka, peleka Jumanne au Jumatano. Jumatatu usiende, kwa kawaida ofisi inapumzika baada ya Jumapili.